Kushuka Lushoto hadi Mombo na gari la otomatiki

Ukishuka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kwenda Mombo na gari la otomatiki, usiliache kwenye D mpaka chini. Kwenye D gari hujipandishia gia kubwa, injini hailishikilii, kazi yote inabaki kwa breki. Kona baada ya kona pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka na kutoa mapovu, pedali inazama na gari halisimami. Harufu ya kuungua ni onyo: egesha mahali salama, subiri breki zipoe. Usizimwagie maji, diski hupinda au kupasuka.

Punguza mwendo kabla ya mteremko, kisha vuta gia hadi 2 au L (gia ndogo). Kama kuna kitufe cha O/D (overdrive, gia kubwa ya juu kabisa), kibonyeze mpaka taa ya O/D OFF iwake. Kanyaga breki kwa nguvu, achia, rudia. Usiiegemee muda wote.

Wa manyuo (gari la gia za mkono): gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Nyutro hapana kabisa, hata kwa kubana mafuta. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe ukiachia eksileta ukiwa kwenye gia. Kwenye nyutro zinaendelea kuyanywa.