Gari la umeme linakuja nyumbani? Anza na soketi, breka na waya wa ethi

Kwenye sanduku langu la vifaa kuna soketi moja ambayo siitumii wala siitupi. Kwa mbele ni nyeupe, ila tundu la kulia limezungukwa na duara la kahawia, na ukiigeuza unakuta skrubu imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Niliifunga kwa mkono wangu nyumbani kwa shemeji, miaka mingi kabla hajawaza kununua gari la umeme. Ilichemsha birika, ikapiga pasi, ikazungusha mashine ya kufulia, na siku zote ilikuwa nzima. Gari lilipokuja, usiku wa tano akanipigia: "Shemeji, huku barazani kuna harufu ya samaki, na leo hakuna aliyepika samaki." Nikamwambia akazime mein swichi kwanza, hiyo plagi asiiguse. Plastiki za vifaa vya umeme zikianza kuungua mara nyingi hunuka hivyo hivyo, na wengi huishia kukagua jikoni huku ukuta unaungua.

Kosa lilikuwa langu. Skrubu moja sikuikaza ikakazika. Birika halikuigundua kwa sababu birika huwaka dakika nne likazima. Gari lilivuta ampea 10 kwa saa tisa mfululizo. Piga hesabu: kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, ampea 10 zinazalisha wati 10 za joto pale pale kwenye skrubu. Wati 10 si kitu, utasema. Zifungie ndani ya kisanduku cha ukutani kisicho na hewa, uziache usiku kucha. Na kiungo hicho hicho ukikipitishia ampea 32 za chaja kubwa, joto linapanda hadi wati 102, sawasawa na zile balbu za zamani za wati 100 ambazo hukuthubutu kuzishika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza gari linakula umeme kiasi gani, namjibu kwamba jiko la umeme linaweza kulishinda. Tofauti ni kwamba jiko hupumzika. Nchini Marekani kanuni zao za umeme huhesabu mzigo wowote unaowaka saa 3 au zaidi kuwa mzigo wa mfululizo, na saketi yake inatakiwa iwe na uwezo wa asilimia 125 ya mzigo huo. Chaja ya ampea 32 kwao inakaa kwenye breka ya ampea 40. Hata kama unakoishi hakuna kanuni ya maneno hayo, fizikia ni ile ile.

Sasa kaa chini na kalamu, kabla hujaita fundi wala hujatazama chaja yoyote dukani. Andika unaendesha kilomita ngapi kwa siku ya kawaida. Siyo ile safari ya mara moja kwa mwaka. Siku ya kawaida. Magari mengi madogo ya umeme hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100 (uniti moja ni kilowati-saa moja, ile ile unayoisoma kwenye mita). Ukiendesha kilomita 40, unahitaji kurudisha uniti 6 hadi 8, ongeza kama asilimia 10 zinazopotea njiani wakati wa kuchaji. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikivutwa ampea 10 inatoa kilowati 2.3. Saa nne hivi, kazi imekwisha, na wewe bado umelala. Shemeji wangu alikuwa ameshaambiwa anunue chaja ya kilowati 22. Anaendesha kilomita 35 kwa siku! Tena gari lake lenyewe haliwezi kupokea zaidi ya kilowati 6.6 za umeme wa nyumbani, maana kinachoamua ni mashine iliyomo ndani ya gari. Kile kiboksi cha ukutani ni swichi yenye akili: kinaliambia gari "ruhusa yako ni ampea kadhaa", gari linavuta kulingana na uwezo wake. Soma kijitabu cha gari, tafuta kiwango cha kuchaji kwa umeme wa AC (ule unaokuja kwenye soketi za nyumbani), kiandike chini ya zile kilomita.

Ukishajua unachohitaji, tazama ulichonacho. Fungua mlango wa bodi ya breka. Mlango tu, mfuniko wa ndani mwachie fundi. Soma namba iliyoandikwa kwenye mein swichi. Tuseme ni ampea 60, fezi moja, volti 230: nyumba yako yote inaweza kuvuta kama kilowati 13.8, basi. Halafu orodhesha vile vinavyochemsha, kwa sababu ndivyo walaji. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ya kilowati 5 inavuta karibu ampea 22. Birika la kilowati 2, karibu 9. Pasi, ampea 5 hadi 9. Taa, friji na televisheni kwa pamoja hazikutishi. Mtu mmoja akiwa anaoga, mwingine ameweka birika, wa tatu anapiga pasi, umeshafika 40. Ongeza gari la ampea 32 na unaishia gizani na sabuni usoni.

Hesabu ya karatasi ni mwanzo. Fundi mzuri atakuja na klampu, ile mita yenye mdomo wa kubana waya, aibane kwenye waya mkuu jioni wakati nyumba imechangamka. Akija saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu, mwambie arudi jioni.

Nyumba ikionekana haitoshi, usikimbilie kuomba fezi tatu. Njia ya kwanza ni kuchaji saa za usiku wa manane. Karibu kila gari lina mahali pa kupangia saa. Ya pili ni kushusha ampea: chaja nyingi na magari mengi yanakubali kupunguzwa hadi ampea 6, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa na mfumo wenyewe. Ya tatu, ninayoipenda kuliko zote, ni chaja yenye kihisi kinachofungwa kwenye waya mkuu. Mtu akiwasha hita, chaja inashuka yenyewe. Hita ikizimwa, inapanda. Ikibidi kweli kuongeza uwezo wa laini, hilo ni ombi kwa shirika la umeme. Sili ya mita haikatwi na fundi, awe rafiki yako namna gani.

Waya ndio mahali ambapo watu hubana matumizi wakajuta. Chaja ipewe laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, isichangie na soketi nyingine yoyote. Kwa ampea 32 mimi sishuki chini ya kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba, na pakiwa mbali au kebo ikipita kwenye dari lenye joto nakwenda 10. Chukua mfano wa bodi iliyo mita 40 kutoka maegesho. Ukitumia waya wa milimita 4 unapoteza karibu volti 11 njiani, yaani takriban wati 360 zinapasha joto ukuta wako muda wote gari linapochaji, na unazilipia. Waya wa 10 unapoteza volti 4.5 na wati kama 140. Kuna anayekwambia "tuweke breka kubwa ili isikatekate". Mtu huyo asiguse bodi yako. Breka iko pale kuulinda waya. Ukiikuza bila kuukuza waya, kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, kwa moto.

Ekstensheni sitaki hata kuijadili. Zaidi ile iliyoviringwa kwenye gurudumu lake.

Baada ya waya, uliza habari za RCD, ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu huliruka. Gari lina betri ya umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na hitilafu ndani yake inaweza kuvujisha DC kidogo kurudi nyumbani. RCD za kawaida za aina ya AC zikipata uvujaji wa namna hiyo zinaweza kupofuka: zipo, zinaonekana nzima, ila siku mtu akinaswa hazikati. Kinachotakiwa ni RCD ya aina B ya miliampea 30, au ya aina A ikiwa chaja yenyewe ina kinga ya kukata DC ikifika miliampea 6. Angalia alama iliyochorwa kwenye RCD yako. Ukiona kimstari cha wimbi peke yake ndani ya kisanduku, hiyo ni AC; ibadilishwe.

Na ethi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambayo la tatu halijaunganishwa na kitu, na taa zinawaka, watu wanaishi. Gari la umeme huwa linapima. Lisipoipata ethi, mengi yanagoma kuchaji, na mwenye gari anadhani ameuziwa bovu. Mteja mmoja aliniita chaja "imekufa" siku ya kwanza. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaifukua ile nondo ya ethi: waya ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika, umebaki umelala juu ya udongo. Tulipopigilia nondo mpya na kuifunga kwa klipu ya shaba, gari likaanza kuchaji. Fundi apime ukinzani wa ethi kwa kifaa na akuandikie namba. Ukitegemea jenereta au inveta umeme unapokatika, ugomvi huu huu wa ethi hujitokeza huko pia, basi mwambie mapema.

Mahali pa kufunga chaja: kimo cha kiuno au kifua, pasipopigwa na mvua ya moja kwa moja, na kabla hujachagua ukuta angalia tundu la gari liko upande gani. Nimeshahamisha chaja ya mtu kwa sababu tundu lilikuwa mbele kushoto na yeye huegesha kinyumenyume. Kama ukuta unachimbwa, laza bomba la waya lililo pana kuliko inavyohitajika leo.

Usiku wa kwanza usilale mapema. Anza kuchaji, ngoja saa moja, kisha weka mgongo wa kiganja kwenye plagi, kwenye uso wa chaja, na kwenye mlango wa bodi ya breka. Uvuguvugu ni kawaida. Ukilazimika kuondoa mkono, zima na umwite fundi arudi. Baada ya mwezi mmoja aje tena azime umeme, akaze kila skrubu ya laini hiyo kwa bisibisi yenye kipimo cha ukazaji. Kwa shemeji nilikuta moja imelegea robo mzunguko, na safari hii nilikuwa na uhakika kwamba niliikaza.