Umegonga ng'ombe aliyetoroka zizini: hatua za kumdai mwenye mifugo

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsindikiza shemeji yangu katika madai dhidi ya mfugaji ambaye ng'ombe wake aliingia usiku kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma. Unahusu mifugo ya Tanzania Bara peke yake. Aliyegonga mnyamapori ndani ya Hifadhi ya Mikumi ana shauri jingine, kwani huko dereva ndiye anayetozwa.

Hatua ya 1: Washa taa za hatari, weka pembetatu, piga simu 112. Majeruhi wachukuliwe PF3, yaani fomu ya polisi ya kupatia matibabu.

Hatua ya 2: Thibitisha mnyama ni wa nani. Hapa ndipo tulipokaribia kupoteza kila kitu. Tuliandikisha maelezo kituoni, tukarudi asubuhi na kukuta ng'ombe hayupo. Palibaki damu iliyokauka na kwato moja, na kila tuliyemuuliza alisema hamjui mwenyewe. Pasipo mwenye mali hakuna mdaiwa, hata wakili wako awe hodari namna gani. Kwa hiyo, kabla hujaangalia boneti, mulika mnyama: mpige picha ubavu wa kulia na wa kushoto, kisha tafuta chapa mwilini na hereni masikioni, kwa kuwa Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 imeweka alama hizo kwa ajili ya kumtambua mwenye mnyama. Chapa ikiwa na tope, ioshe kwa maji ya chupa kabla ya kupiga picha. Yetu haikuoshwa, na kilichotuokoa ni mwenyekiti wa kitongoji aliyeitambua kwa herufi moja tu iliyoonekana. Hata hivyo, chapa peke yake haitoshi, kwa sababu ng'ombe aliyenunuliwa mnadani huendelea kubeba chapa ya mwenye awali, na mfugaji mjanja atajitetea kwamba alikwisha kumuuza. Mtake aonyeshe stakabadhi ya mauzo. Andika pia majina ya waliokuja kumdai mnyama usiku uleule, maana mwenye mali hufika haraka kabla hajajua kuwa atadaiwa. Mimi huamini daftari na futi ya kupimia kuliko video. Picha zibaki kwenye simu iliyozipiga, kwa sababu zikipitia WhatsApp hupungua ubora na kupoteza kumbukumbu za saa, nawe utatakiwa kuthibitisha uhalisi wake mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015.

Hatua ya 3: Onyesha alivyofika barabarani. Kumiliki mnyama si kosa. Kosa ni uzembe. Wakili wa upande wa pili anaweza kuibua shauri la Uingereza la Searle dhidi ya Wallbank la mwaka 1947, lililosema kwamba mwenye ardhi hana wajibu wa kuzuia mifugo wake wasizurure barabarani. Waingereza wenyewe waliifuta kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1971, na tangu awali haikumkinga anayeswaga wanyama barabarani bila uangalifu. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mashahidi liwe hili: palikuwa na mchungaji? Kama alikuwepo, na ni mwajiriwa, mdai pia mwajiri wake. Kama hakuwepo, piga picha ya ua uliobomoka, na utafute wanaojua kwamba mifugo hao wamezoea kutoroka.

Hatua ya 4: Jiandae kuulizwa mwendo wako. Penye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, dereva aliyekuwa kwenye 90 atabebeshwa sehemu ya lawama na fidia yake itapunguzwa, pengine mwenye ng'ombe naye adai bei ya ng'ombe wake. Hakikisha alama za breki zimo kwenye mchoro wa askari wa usalama barabarani.

Hatua ya 5: Toa taarifa kwa kampuni ya bima. Bima ndogo haitengenezi gari lako. Bima kubwa ikikulipa, kampuni inaweza kumdai mfugaji kwa jina lako, hivyo usisaini maridhiano yoyote kijijini kabla hujawasiliana nayo.

Hatua ya 6: Mpelekee mfugaji barua ya madai, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Asipolipa, fungua shauri ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ya mahali ilipotokea au anapoishi mdaiwa. Sisi hatukufika huko: mfugaji alilipa kwa mafungu matatu, kila fungu baada ya siku ya mnada, na kila mara tuliandikiana mbele ya mtendaji.