Pikapu Inapolia Chini: Namna ya Kujua Mlio Unatoka Wapi

Mvumo ulioanza kwenye pikapu yangu wakati nikibeba machungwa kutoka Muheza kuja Tanga mjini ulinigharimu difu nzima ya nyuma (sanduku la meno katikati ya ekseli, linalogawia magurudumu nguvu) ambayo haikuwa na kosa lolote. Fundi alikaa ubavuni pangu kwa mwendo usiozidi kilomita moja, akatega sikio, akasema, "Difu hiyo imekwisha, mzee," nami nikanunua difu iliyotumika, ikafungwa, na gari ikatoka gereji ikivuma vilevile. Wiki mbili baadaye, nilipobadilishana matairi ya nyuma na ya mbele kwa sababu nyingine kabisa, mvumo ukahamia mbele, chini ya miguu yangu. Kumbe matairi yalikuwa yameliwa mabonde-mabonde. Tangu siku hiyo siruhusu nati hata moja ifunguliwe kabla sijajua mlio unafuata nini.

Maana kila mlio wa chini hufuata kitu: mzunguko wa injini, mwendo wa gari, kukanyaga na kuachia mafuta, au usukani. Anza gari ikiwa imesimama, hendibreki imevutwa, injini inawaka na gia iko nyutro. Mlio unaosikika hapo hauwezi kuwa wa difu, propela (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu) wala beringi za magurudumu, kwa kuwa vyote hivyo havizunguki. Ukikanyaga klachi mlio ukanyamaza, shuku beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye gia boksi. Ukianza pale tu unapokanyaga, shuku rilizi beringi, ile inayosukuma klachi unapoikanyaga. Mlio unaosikika kwenye gia moja na kupotea kwenye nyingine ni wa gia boksi, na hapo hakuna cha kubishana.

Kazi yenyewe huanza gari inapotembea. Chagua sehemu ya barabara iliyonyooka na isiyo na magari mengi, kama zilivyo baadhi ya sehemu kati ya Segera na Tanga, ufike kilomita 60 kwa saa, kisha uweke nyutro na kuliacha gari liserereke kidogo huku injini ikirudi chini. Mlio ukiendelea bila kujali injini imeshuka, basi unafuata mwendo, nao uko kuanzia nyuma ya gia boksi hadi kwenye tairi. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwenye mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, ambako gari lisilo na gia huziachia breki mzigo wote.

Sasa sikiliza kasi ya mlio wenyewe. Kwenye mwendo huo wa kilomita 60, gurudumu la pikapu ya kawaida huzunguka mara 7 au 8 hivi kwa sekunde, ilhali propela, ikiwa difu ina uwiano wa karibu 4 kwa 1, huzunguka takriban mara 30. Kwa hiyo kilema cha gurudumu ukipunguza mwendo hugeuka kuwa mapigo unayoweza kuyahesabu, wu-wu-wu, na kilema cha propela huja kama mtetemo mwembamba unaousikia kwenye sakafu na kwenye kiti. Mlio wa kuchechea, kama wa ndege mdogo, unaosikika gari likianza tu kuondoka na kwenda kasi pamoja nalo, mara nyingi ni krosi ya propela (kiungo chake kinachopinda) iliyokauka grisi.

Kutofautisha tairi, beringi ya gurudumu na difu ndiko kunakowashinda wengi, mimi nikiwa wa kwanza. Tairi hubadilisha sauti barabara inapobadilika: likitoka kwenye lami na kuingia kwenye changarawe, mvumo wake hufifia au kugeuka, lakini beringi na difu huendelea na wimbo wao uleule. Beringi ya gurudumu hujisema kwenye kona. Unapokata kushoto uzito wa gari huhamia kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi ukikata kushoto na kupungua ukikata kulia, beringi inayoshukiwa zaidi ni ya kulia, wala si ya upande unaoelekea. Wengi huigeuza kanuni hii na kubadilisha beringi isiyo na kosa. Difu, kwa upande wake, haijali kona wala aina ya barabara. Inajali mguu wako. Mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, au kinyume chake, huonyesha kwamba meno ya pinioni na kraun, gia ndogo na kubwa za ndani ya difu, yameliwa upande mmoja au hayakupangwa sawasawa. Ukisikika muda wote, kwa sauti nzito ya kukoroma, fikiria zaidi beringi za difu.

Ukishapata mtuhumiwa, ingia chini ya gari, lakini kwa utaratibu. Gari liwe mahali pa tambarare na pagumu, magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, na uzito ukae juu ya stendi, si juu ya jeki. Usiwashe injini na kutia gia huku ekseli moja imeinuliwa na foo-wili imeingia (yaani injini inaendesha magurudumu yote manne), kwa sababu magurudumu yaliyo chini yatalivuta gari na kuliangusha kutoka kwenye stendi.

Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta: kucheza kwake kunaelekeza kwenye beringi au viungo vya usukani, na mwenzako akikanyaga breki na mchezo ukatoweka, ni beringi. Kwa pikapu zenye koili springi mbele kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Weka vidole juu ya springi kwa wepesi, mkono wa pili uzungushe gurudumu polepole. Beringi nzima huzunguka kama hakuna kitu. Iliyochakaa hupeleka kwenye vidole mchakacho mdogo wa mchanga, hata kabla sikio halijapata chochote.

Kwenye propela, shika pande mbili za kila krosi uzizungushe kinyume. Krosi haitakiwi kucheza hata kidogo. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe vyake ni dalili kwamba grisi imekwisha na sindano za beringi zinasaga chuma kikavu, jambo la kawaida kwa magari yanayofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Ikiwa kuna senta beringi, ile inayoishikilia propela katikati, angalia mpira wake kama umepasuka. Kabla ya kufungua propela yoyote, weka alama ya rangi kwenye flanji zote mbili na kwenye kiungo kinachoteleza, kwa sababu ikirudishwa ikiwa imezunguka meno machache itatetemeka, na utaanza kutafuta ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Kishindo kimoja, ngo!, unapotia gia au unapoachia mafuta na kukanyaga tena, kinaweza kutoka kwenye krosi, kwenye kiungo kinachoteleza kilichokauka, kwenye mauntingi ya injini au kwenye nafasi iliyozidi ndani ya difu. Zungusha propela kwa mkono huku magurudumu yamezuiwa: kucheza kidogo sana kwa difu ni halali, lakini kila kiungo kina mchezo wake, na michezo midogo ikijumlishwa hutoa kishindo kikubwa.

Upande wa mbele una faida yake katika uchunguzi. Ikiwa pikapu ina habu za kufunga kwa mkono (vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti zake), tembea na habu zikiwa zimefunguliwa, kisha zifunge lakini ubaki kwenye tuu-wili, magurudumu ya nyuma pekee yakiendeshwa. Mlio unaojitokeza habu zikifungwa ni wa shafti za mbele, difu ya mbele au propela ya mbele, kwani ndivyo vilivyoanza kuzunguka. Pikapu zisizo na habu za aina hiyo mara nyingi huziacha shafti za magurudumu zizunguke muda wote, hivyo jaribio hili halizifai. Mlio wa tik-tik-tik usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho ni wa sivii jointi ya nje, kiungo cha shafti kilicho karibu na gurudumu, hasa kama mpira wake umechanika na grisi imerukia ndani ya rimu.

Foo-wili yenyewe ijaribiwe kwenye mchanga au tope, kama njia ya kupanda Amani wakati wa mvua, na si kwenye lami kavu. Pikapu nyingi hazina difu katikati, kwa hiyo kwenye lami ekseli mbili hushindana, usukani hukaza na kishindo kinaweza kutokea bila kuwapo ubovu wowote. Kuruka kwa ghafla chini ya mzigo, kwenye utelezi, ndiko kunakomaanisha cheni ya transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) imerefuka au meno yameliwa.

Mwisho angalia oili ya difu. Fungua nati ya kujazia kwanza, usije ukamwaga oili kisha ukakuta ya kujazia imegoma. Oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida; vipande unavyoweza kuvihesabu kwa kidole si vya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na kwa sisi wa pwani sababu yake inajulikana: difu yenye joto ikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na, kama kipumulio cha juu ya ekseli kimeziba kwa udongo, maji hufyonzwa kupitia kwenye sili. Badilisha oili, zibua kipumulio, kisha sikiliza tena.

Difu inayolia kwa sauti nyembamba, oili yake ikiwa safi na pinioni haichezi, naweza kuivumilia miezi mingi nikiiangalia. Krosi inayocheza na beringi ya gurudumu inayochakacha hazisubiri safari ya pili, kwa sababu ya kwanza ikikatika propela huanguka barabarani, na ya pili hulitoa gurudumu.