Komwe Mfukoni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpa Mwenye Tatizo la Ulaji Kifaa cha Kujituliza

Mtu mwenye tatizo la ulaji, awe anajinyima chakula, anajitapisha baada ya kula au anakula kwa pupa asiyoweza kuizuia mpaka anaona haya, mara nyingi hupatwa na dhiki kali zaidi katika vipindi viwili: muda mfupi kabla ya chakula kuandaliwa, na muda mfupi baada ya kula na kunawa. Vifaa vya kushika, yaani vitu vidogo ambavyo mkono unaweza kuvibinya, kuvisugua au kuvizungusha, vinafaa kwa vipindi hivyo. Haviponyi ugonjwa. Huupa mkono kazi na akili mahali pa kutua, ili wasiwasi upande na kushuka bila mtu kusukuma sahani au kukimbilia chooni. Nayaandika haya baada ya kukaa na binti wa dada yangu hapa Tanga kwa muda wa kutosha, na baadhi yake niliyajua baada ya kukosea.

Jambo la kwanza halihusu kifaa hata kidogo. Kabla ya kutafuta chochote cha kushika, mgonjwa apimwe mapigo ya moyo, shinikizo la damu na madini ya damu, hasa potasiamu, kwa sababu kujitapisha na kutumia dawa za kuharisha huishusha, na ikishuka sana moyo huweza kupiga ovyo na hata kusimama. Anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula, ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na mtu huweza kuonekana anatembea vizuri tu huku mwili umeishiwa. Kwa walio Tanga mjini, Hospitali ya Bombo ndiyo mahali pa kuanzia, na kwa walio upande wa Korogwe, Lutindi katika milima ya Usambara imehudumia wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Anayezimia, anayetapika damu, anayelalamika kifua au aliyekataa hata maji hahitaji kitu cha kuchezea mkononi, anahitaji kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo hivyo ndivyo pia vitakavyoamua kifaa gani kisitumike. Katika tiba ya kitabia ya dialektika, yaani tiba ya mazungumzo inayofundisha kuzimudu hisia kali, ambayo mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani aliichapishia mwongozo mwaka 1993, wagonjwa hufundishwa kujiliwaza kwa milango mitano ya fahamu, na kugusa ni mmojawapo. Tiba hiyo hiyo ina zoezi la kutia uso kwenye maji baridi sana ili kukata hisia kali, na linafanya kazi kwa sababu baridi ya usoni hupunguza kasi ya moyo kwa haraka. Sasa fikiria mtu ambaye moyo wake tayari unapiga polepole kwa njaa ya muda mrefu. Kwake yeye maji ya barafu usoni ni hatari, wala zoezi hilo lisijaribiwe bila idhini ya daktari, ingawa watu hupendekezana kama jambo la kawaida. Aliyekonda sana huwa na mikono ya baridi hata mchana wa jua kali, na chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa kanga humfaa zaidi.

Katika kuchagua, tusidhani kwamba kila kilicho laini kinaliwaza. Uchunguzi umeonyesha kwamba baadhi ya watu wenye anoreksia hawafurahii mguso mwepesi kama wanavyoufurahia watu wengine, kwa hiyo mdoli wa manyoya tunaoununua kwa huruma huweza kuwakera. Mimi nilitandika jamvi nikaweka juu yake vitu vya humu humu nyumbani: komwe tatu za bao, kipande cha kamba ya katani, kokoto la ufukwe wa Raskazone, na kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalegea kabisa. Binti aliigusa kanga akairudisha. Katani aliisugua kwa kidole gumba, akasema inamwamsha. Kilichobaki mkononi mwake ni komwe, ile mbegu ya kijivu, ngumu na nyororo, ambayo huanza na ubaridi kisha hupata joto la kiganja taratibu, na alikaa akiizungusha zaidi ya nusu saa bila mimi kumwambia kitu. (Nyumba yenye watoto wadogo ijihadhari, kwani komwe humezwa kirahisi.)

Hatari ambayo watu wengi hawaioni ni kifaa kugeuka kuwa kipimo cha mwili. Bangili, kikuku, na hasa shanga za kiunoni, huonekana kuwa liwazo la kike la asili yetu, lakini anayejinyima chakula huzitumia kujua kama zimelegea tangu jana. Kwa maoni yangu, chochote kinachouzunguka mwili kiachwe. Kifaa kishikwe, kisivaliwe. Tasbihi nayo iulizwe kwanza kwa mwenyewe, kwa sababu kuna anayetulia akiivuta na kuna ambaye tayari kichwa chake kimejaa kuhesabu tonge na kalori, naye punje 33 humwongezea hesabu nyingine. Rababendi ya kujichapa nayo mkononi naikataa moja kwa moja, kwani ni kujiumiza kwa jina jingine.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa mpira wa kubinya. Nilijaza mchele kwenye puto, kama wanavyofanya wengi, nikaufunga vizuri na kumkabidhi. Aliubinya mara mbili, akauliza ndani mna nini, kisha akauweka chini kana kwamba umemuunguza. Siku iliyofuata nilitengeneza mwingine kwa mchanga wa pwani uliooshwa na kuanikwa, nao unatumika hadi leo. Unga wa ngano nao usitumike, kwani kama mchele, nao ni chakula.

Blanketi zito halihitaji maneno mengi. Kwa joto la kaskazi hapa Tanga hakuna atakayelivumilia, na kanuni inayotajwa sana, ya kulipima kwa sehemu ya kumi ya uzito wa mtu, inamlazimisha mgonjwa kupanda mizani, pamoja na kwamba mifupa yake huenda imedhoofika.

Kifaa kikishapatikana, kizoewe wakati wa utulivu, mbali na chakula, walau dakika tano kila siku kwa wiki moja. Mkono usiokizoea hautakikumbuka siku ya dhiki. Daftari dogo litasaidia ikiwa litaandikwa tu ukali wa hisia kabla na baada, kwa alama kuanzia 0 hadi 10, bila uzito wala kiasi cha chakula.

Ipangwe pia namna ya kukitumia mbele za watu. Kwetu tunakula kwa mkono wa kulia, mara nyingi kwenye sinia moja, kwa hiyo kifaa kizoewe mkono wa kushoto, chini ya mtandio au mfukoni. Watu wa nyumbani waelezwe mapema kwamba mkono huo ukiwa umefumbwa, hakuna kuuliza “mbona huli?” wala kusifu “umenenepa, mashallah,” sifa ambayo kwa mgonjwa huyu huingia kama mwiba. Katika Ramadhani mpango ubadilike: aliyekatazwa na daktari kufunga anayo ruhusa ya dini, lakini kula peke yake adhuhuri katika nyumba ya waliofunga kunamtia aibu, na anayekula kwa pupa huelemewa na wingi wa futari, kwa hiyo kila mmoja ajue saa yake ngumu ni ipi.

Mwisho, kiwekwe cha akiba. Komwe ya binti yetu ilidondoka kwenye daladala siku ya harusi ya jirani, na alirudi nyumbani kabla wali haujapakuliwa. Tangu siku hiyo mama yake hutembea na nyingine, imefungwa kwenye pindo la kanga.