Kusoma msimbo wa zlib kwenye Linux bila kumaliza bando

Vijana wanaokuja kwangu hapa Chikongola, Mtwara, huniuliza waanze kusoma msimbo wa maktaba gani ya programu. Nawaambia zlib. Ni ndogo, ipo tangu 1995, waliiandika Jean-loup Gailly na Mark Adler, na programu chungu nzima huitumia kubana data. Andika `ldd /usr/bin/git` kuona maktaba ambazo git huzitumia, utaiona libz.so.1, ndiyo zlib yenyewe.

Kwa Debian au Ubuntu, washa `deb-src` (vyanzo vya msimbo) kwenye orodha ya apt, kisha `sudo apt update`. Sakinisha `dpkg-dev`. Halafu, ukiwa kwenye folda yako, `apt source zlib`. Hapo sudo ya nini? Utaishia na mafaili ya root (msimamizi wa mfumo) usiyoweza kuyahariri. Naipenda njia hii kwa sababu unapata toleo la mfumo wako, pamoja na viraka vyake (patches). Git nayo (`git clone`) inafaa, ila weka `--depth 1`, usivute historia yote. Pesa ya korosho bado haijaingia.

Ingia kwenye folda uliyoipata. Usikimbilie inflate.c, faili linalofungua data iliyobanwa. Fungua zlib.h kwa `less` na usome maelezo yake taratibu, maana ndiyo mwongozo wenyewe. Kisha fuata kazi (function) moja tu:

`grep -n "ZEXPORT inflate(" inflate.c`

Utakuta switch kubwa ndani ya kitanzi, na `state->mode` ndiyo inayoamua hatua inayofuata. Jenga kwa `./configure && make`; utapata minigzip, programu ndogo ya kubana na kufungua mafaili. Bana faili lolote, weka printf kwenye switch ile (na `#include <stdio.h>` juu ya inflate.c), jenga tena, kisha fungua faili hilo kwa `./minigzip -d`.