Ukichaguliwa lida wa grupu la asaimenti, anza na mdomo wako

Kama unasoma chuo huku Mtwara au Lindi unajua inavyokuwaga, leksha anagawa majina, mko saba, mmoja anasema "huyu ndo awe lida" wengine wanaitikia fasta ili yasiwaangukie wao, na wewe hata hujakubali ushaambiwa fungua grupu la WhatsApp. Sawa, fungua, ila kabla hujaandika chochote jiulize wewe ukipewa watu unawaendeshaje.

Kuna mtu anaitwa Kurt Lewin, yeye na wenzake kule Marekani walichapisha mwaka 1939 utafiti wa vikundi vya watoto wa kiume walioongozwa kwa staili tatu, kuna kiongozi wa kuamrisha, wa kushirikisha, na wa kuwaachia tu wafanye wanavyojua. Kwa yule wa kuamrisha kazi ilienda vizuri akiwepo, akitoka tu nje inalala. Mi niliposoma hiyo nilijiona kabisa.

Semesta ya kwanza tulipewa kazi ya mauzo ya korosho kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka korosho ghalani anapewa risiti halafu zinauzwa kwa mnada, nikatupia grupuni "kila mtu atafute data za minada, mwisho Ijumaa". Tiki za bluu zikaja zote, watu kimya, na mi nikachukulia kimya ni ndiyo. Ijumaa watu wanne wakaleta kitu kilekile, bei za Tandahimba, Masasi hamna, Lindi hamna. Nikakesha peke yangu kuziba mapengo, saa tano usiku umeme ukakatika, asubuhi nikakusanya kazi haina hata hitimisho.

Kwahiyo usiandike "kila mtu". Andika jina, kipande na siku: kwa ile kazi ya korosho ningegawa kwa vyama vikuu vya ushirika, wewe chukua TANECU, yaani Newala na Tandahimba, wewe MAMCU, yaani Masasi na Mtwara, wewe Lindi Mwambao, wewe RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, bei za minada mitatu ya kwanza na tarehe zake, Jumatano jioni nione ulipofikia hata kama hujamaliza. Mfaransa Ringelmann alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wanaovuta kamba, akakuta wanavyoongezeka ndo kila mmoja anavuta pungufu ya anavyovuta akiwa peke yake, na grupu la watu saba lisilogawiwa kwa majina liko hivyohivyo.

Sasa hili la lugha naomba ulisome taratibu maana ndo linavunja grupu nyingi. Kwetu kulikuwa na mama mmoja mwalimu amekuja kujiendeleza, umri wa mama yangu mzazi kabisa, na mi nikawa namwandikia mbele ya wote "sehemu yako iko wapi?" kama naongea na mtu wa rika langu. Wiki nzima hajibu, nikamuweka kwenye hesabu ya wategaji. Siku moja baada ya kipindi nikamfuata nje, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwomba radhi, nikamwambia mama naomba utusaidie utangulizi maana wewe kupanga hoja umezoea. Akaniambia "mwanangu mimi bando naweka Jumamosi, na siku niliyofungua nikakuta ulivyoniandika nikajua hamnihitaji". Kesho yake alikuja na kurasa nne za mkono, mwandiko ule wa ubaoni, kila aya imekaa mahali pake, mi nilichapa tu.

Tangu hapo mtu akichelewa namfuata inboksi au namfuata mwenyewe, grupuni naweka shukrani na tarehe basi. Mkikutana, nusu saa inatosha, anza kumuuliza yule mpole kabla waongeaji hawajamaliza maneno yote. Voisi noti ya dakika sita usitume, watu wanabana bando.

Na mtegaji wa kweli yupo, sikatai. Mkumbushe mara mbili kwa maandishi, halafu mwone leksha kabla ya siku ya kukusanya, maana ukienda baada ya maksi kutoka inaonekana majungu.

Presentesheni nayo usiseme yote wewe, kila mtu aeleze kipande alichokifanya kwa mkono wake. Semesta ya pili tulimuomba yule mama afungue, akasimama, akafuta ubao kwanza, akaandika tarehe, ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.