Kupima na kubadilisha giaboksi ya gia za mkono nyumbani

Kabla ya kushika spana, hakikisha giaboksi ndiyo yenye ugonjwa. Giaboksi nyingi hushushwa bure. Gia zinagoma, mwenye gari ananunua nyingine, anaifunga, na gia zinaendelea kugoma kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye klachi au kebo. Saa moja ya kupima inaokoa siku mbili za kulala chini ya gari.

Maelezo haya ni ya gari la gia za mkono linalovuta kwa magurudumu ya mbele, injini ikiwa imelala kwa upana.

Hatua ya 1: Pima bila kufungua kitu

Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote. Kisha washa na urudie. Zikiingia laini injini ikiwa imezima lakini zikagoma ikiwaka, klachi haiachi. Thibitisha kwa riva: kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde tano, ingiza. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, sahani ya klachi (klachi pleti) bado inazungushwa na injini. Kagua kiwango cha mafuta ya klachi, unyevu kwenye silinda ya juu na ya chini, upepo kwenye mfumo, au kebo iliyolegea.

Zikigoma hata injini ikiwa imezima, chomoa kebo za gia pale zinapofungwa kwenye giaboksi, kisha sukuma wenzo wa giaboksi kwa mkono. Ukienda vizuri na kuingia kila gia, ubovu uko kwenye kebo, vishikizo vyake vya plastiki au kitako cha gia ndani ya gari.

Injini ikipiga resi na gari likabaki zito, jaribu hivi: vuta hendibreki, kanyaga breki, ingiza gia ya tatu, ongeza resi kidogo, achia klachi. Injini ikizima mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu, maana jaribio hili linaichoma.

Gari likikataa kusogea kabisa wakati gia zinaingia, zima na uchungulie chini kwanza. Draivu shafti (fimbo inayozungusha gurudumu) iliyochomoka upande mmoja inatosha kulisimamisha, kwa sababu difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, hupeleka mzunguko wote kule kusiko na mzigo.

Hatua ya 2: Sikiliza

Weka gia frii, injini ikiwaka. Mlio unaosikika ukiwa umeachia klachi na kupotea ukiikanyaga ni wa beringi ya shafti ya kuingilia (inayopokea mzunguko wa injini), ndani ya giaboksi. Mlio unaokuja ukikanyaga tu ni wa beringi ya rilizi, sehemu ya klachi inayoisukuma iachie. Mvumo unaoongezeka na mwendo na kubaki hata ukiserereka frii unatoka kwenye difu, beringi za shafti ya kutokea au beringi ya gurudumu. Pinda taratibu kushoto kisha kulia: ukibadilika, shuku gurudumu kwanza. Kugonga ta-ta-ta ukikata kona kali ni jointi ya nje ya draivu shafti. Mlio wa gia moja peke yake unaonyesha jozi ya meno ya gia hiyo.

Gia inayochomoka yenyewe ukiachia mafuta huwa imelika meno ya kushikia au uma unaoisogeza. Lakini kagua mauntingi (vishikizo vya injini na giaboksi) kabla ya kuhukumu, kwani injini inayocheza huvuta kebo na kuitoa gia.

Hatua ya 3: Mwaga oili, uisome

Fungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu cha juu kikagoma kufunguka, utabaki na giaboksi tupu na gari lisilotembea.

Pakaza oili kati ya vidole na uangalie sumaku ya kizibo ikiwepo. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazong'aa kama dhahabu zimetoka kwenye ringi za sinkro, zinazolinganisha kasi ili gia iingie laini, na zikiwa nyingi zinaeleza kwa nini gia zinakwaruza. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vijiti vya chuma au ncha ya jino: hapo giaboksi inatoka, hakuna mjadala. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Na ikitoka kidogo sana, tafuta sili inayovuja, maana ukosefu wa oili huua beringi kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 4: Tafuta giaboksi inayofanana kweli

Umbo pekee halitoshi. Linganisha namba ya aina iliyogongwa au kubandikwa kwenye giaboksi, idadi ya meno ya shafti ya kuingilia, matundu ya mauntingi, nafasi ya sensa ya mwendo na aina ya klachi, kebo au haidroli. Uwiano wa difu ukitofautiana, gari litatembea lakini resi hazitakuwa zilezile. Kuupima, weka giaboksi zote mbili kwenye gia ya nne, zuia upande mmoja wa difu usizunguke, zungusha shafti ya kuingilia mara kumi, uhesabu upande wa pili umezunguka mara ngapi.

Kwa iliyotumika, pitisha gia zote ukizungusha kwa mkono. Isikwame wala kukwaruza. Tikisa shafti ya kuingilia: mchezo mdogo ni sawa, kuyumba waziwazi si sawa. Kagua nyufa kwenye masikio ya bolti.

Hatua ya 5: Kuishusha

Unahitaji jeki ya troli, stendi nne imara, jeki ya pili yenye ubao wa kushikilia injini, soketi za 10 hadi 19, soketi ya nati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu (mara nyingi 30 au 32), mtarimbo mfupi, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm), na mtu wa pili. Giaboksi ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 30 hadi 50. Sakafu iwe ngumu na tambarare. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usitumie matofali, kwani hupasuka bila dalili.

Legeza nati za habu gari likiwa bado chini, robo zunguko tu, kisha usilisogeze. Pandisha, weka stendi, litikise kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Toa waya hasi wa betri kwanza, halafu chanya, kisha betri, kitako chake na boksi la fita ya hewa. Piga picha kila kiungo kabla ya kukitenganisha: swichi ya taa za riva, sensa ya mwendo, waya wa athi.

Toa kebo za gia. Silinda ya chini ya klachi ikiwa nje ya giaboksi, ifungue na uifunge pembeni bila kutoa mpira wake. Mtu asikanyage pedali baada ya hapo, pistoni itaruka nje.

Achanisha boli jointi (kiungo cha duara kinachoshika mkono wa chini wa gurudumu), toa draivu shafti kwenye habu, kisha ichomoe kwenye giaboksi kwa kutia mtarimbo kati ya jointi ya ndani na mwili wa giaboksi. Usivute shafti yenyewe, utaitenganisha jointi ndani ya buti yake. Baadhi ya giaboksi, shafti zote mbili zikitoka, gia ndogo za difu huhama, kwa hiyo chomeka kipande cha bomba au shafti kuukuu.

Toa stata. Weka jeki na ubao chini ya injini, kisha fungua bolti za juu, halafu mauntingi ya giaboksi. Bolti hutofautiana urefu: zichomeke kwenye kadibodi kwa mpangilio wake. Acha mbili zinazopingana hadi giaboksi ikalie jeki vizuri. Vuta moja kwa moja bila kuinamisha, hadi shafti itoke kwenye klachi.

Hatua ya 6: Ukiwa umefika hapo

Badilisha klachi pleti, presha pleti (inayoibana) na beringi ya rilizi, pamoja na sili ya nyuma ya krenki ikionyesha unyevu wowote. Kuzirudisha kuukuu ni kujiandalia kazi hii upya. Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hubanwa juu yake) yenye nyufa au madoa ya bluu imepata joto kali, ipelekwe kuchongwa au ibadilishwe.

Pleti ina upande wake, soma alama. Iweke katikati kwa kifaa cha kulinganishia, kisha kaza bolti za presha pleti kwa kupishana, zamu kidogo kidogo. Za milimita 8 mara nyingi hutaka 20 hadi 25 Nm, ila kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Paka grisi kiasi kidogo sana kwenye meno ya shafti, ingiza pleti, itoe, na ufute iliyobaki. Grisi iliyorushwa kwenye pleti huifanya iteleze.

Tafuta sasa pini mbili fupi zenye tundu zinazokaa kati ya injini na giaboksi. Hubaki kwenye giaboksi ya zamani au huanguka bila kuonekana. Bila hizo bolti zitakaza kama kawaida, lakini shafti haitakuwa katikati, na klachi mpya itatetema na kuua beringi ya kuingilia.

Hatua ya 7: Kuifunga

Ingiza gia ya nne ili ukizungusha upande wa difu, shafti izunguke na kutafuta meno ya pleti. Inua giaboksi hadi pengo kati yake na injini liwe sawa juu na chini, kisha sukuma. Inatakiwa ifike mwisho kwa mkono. Ikibaki na pengo, simama. Ukiivuta kwa bolti utapasua sikio la giaboksi au kupinda pleti. Zungusha krenki kidogo, kagua waya ulionaswa, jaribu tena. Wakati wote huo usiiache ining'inie kwenye shafti.

Funga sili mpya za draivu shafti, klipu mpya za ncha na nati mpya za habu. Ukiingiza shafti, sikiliza klipu ikidaka, kisha vuta jointi taratibu kuhakikisha. Nati za habu mwisho kabisa, kwa torki ya kitabu, ambayo mara nyingi hupita 150 Nm.

Jaza oili gari likiwa sawa pande zote. Giaboksi nyingi ndogo hubeba karibu lita 2, na kwa nyingi kiwango ni pale oili inapoanza kutiririka kwenye tundu la kujazia. Ikitakiwa oili ya daraja la GL-4 usiweke GL-5, kwa sababu kemikali zake zinaweza kuharibu ringi za sinkro.

Toa upepo kwenye klachi ikiwa mpira ulifunguliwa. Pitisha gia injini ikiwa imezima, kisha ikiwaka, ndipo uende taratibu. Baada ya kilomita 50 kagua uvujaji kwenye sili mbili na kiwango cha oili. Klachi mpya usiibebeshe mzigo mzito kwa kilomita mia chache za mwanzo.